Vitenge Visivyokanyagwa

Kuna kitenge juu ya kiti cha sebuleni kwangu ambacho si changu. Ni cha kahawia chenye maua ya njano, cha zamani, aina ile iliyokuwa inavuka ziwa kutoka Kongo na ambayo hata ukiifua miaka na miaka haichuji. Nilikiokota mlangoni kwa marehemu mama siku tuliyomzika, nikakikunja, nikaja nacho, na tangu siku hiyo kimekaa hapo kama mgeni ambaye hakuna anayejua ataondoka lini. Wajukuu wakiuliza ni cha nani, nawajibu ni cha mtu. Mwenyewe namjua, na nyumba yake naijua, si mbali na hapa. Tatizo ni kwamba kitenge hiki ni kisafi. Kingekuwa na vumbi la miguu ya watu ningekuwa nimekwisha kukirudisha siku ile ile bila wasiwasi. Leo ni Alhamisi, siku ya jumuiya, na mwenyekiti wa jumuiya ni mimi, lakini mchana nimeandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba najisikia vibaya, makamu aongoze sala. Wamenitumia pole nyingi na picha za mishumaa. Sina malaria wala presha. Nina aibu, na aibu haina dawa kwenye duka lolote hapa Mpanda.

Ili mtu aelewe kitenge hiki inabidi nirudi kwenye mwaka niliokuwa na miaka kumi na sita. Mambo ya ukoo, nani alitoka Sibwesa na nani alimzaa nani, nayaacha. Yana wasimuliaji wake na wanayapenda kuliko mimi. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikufaulu, sijaolewa, nipo tu nyumbani nachota maji na kukua. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali mbichi, vyumba viwili na sebule, pembeni mwa njia inayotoka mjini kuelekea Katumba. Sebule ilikuwa na meza moja ya mninga, viti vitatu ambavyo havikuwa ndugu, na dirisha dogo lililoingiza harufu ya tumbaku kutoka kwenye banda la jirani. Chumba kimoja nililala mimi. Cha pili walilala mama yangu, Veronika, na mume wake, Mzee Rajabu, mchuuzi wa samaki wakavu aliyekuwa anatoka Mpanda kwenda Kapalamsenga, kule ziwani, na kurudi. Hakuwa baba yangu wa kunizaa, ila sijawahi kumkosea adabu wala yeye kunikosea. Alikuwa Mwislamu. Mama alikuwa Mkatoliki. Hawakuwa na ndoa ya kanisani, na kwa hiyo Jumapili watu walipopanga mstari kwenda kupokea komunyo, mama alibaki kwenye benchi akiangalia mikono yake.

Jumuiya tulisali kila Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Kanisa la parokia lilikuwa mbali na padre alikuwa mtu wa kuonekana kwa mbali, amezungukwa na moshi wa ubani. Kanisa tulilolijua hasa lilikuwa hili la mikeka. Mwenye zamu alifagia uwanja, akafunika meza kitambaa cheupe, akaweka msalaba na mshumaa, watu wakaja na mikeka yao. Inasomwa Injili, kila mtu anasema neno lililomgusa, wengine wanasema maneno mengi kuliko Injili yenyewe, halafu zinatajwa shida: fulani anaumwa, fulani nyumba yake imeezuliwa, nani ataenda kumchotea maji. Ndani ya mikeka ile ndimo ulimozaliwa na ndimo ulimozikwa. Ukitaka mtoto abatizwe, unaulizwa unasali jumuiya gani. Ukifa, kabla ya kuchimba kaburi wanaulizana kama ulikuwa unaonekana. Mama alionekana kila Alhamisi. Alikaa karibu na mlango, juu ya mkeka wake mwenyewe, na alikuwa na sauti ya pili nzuri sana, kiasi kwamba akikosekana nyimbo zilipwaya.

Mwenyekiti wa siku zile alikuwa Mama Kalisto. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyoofu, mwenye vitambaa vyeupe kuliko vya mtu yeyote mtaani, na kitu kimoja lazima nikiseme kwa haki: alikuwa mchapakazi. Mgonjwa yeyote wa jumuiya alimwona Mama Kalisto kabla ya kumwona daktari. Lakini alikuwa na namna ya kukutazama kuanzia miguuni kupanda juu, taratibu, mpaka ukajikagua na wewe. Watoto tulimwogopa kuliko katekista. Mama alikuwa anamtania akiwa hayupo, anasimama katikati ya sebule, anajinyoosha, anasema kwa sauti ya puani, "Nyie watoto, Mungu anapenda usafi," na Mzee Rajabu anacheka mpaka anashika mbavu.

Mwezi wa kumi ndio mwezi wa Rozari, na kwetu mwezi ule Bikira Maria alikuwa anatembea. Jumuiya ilikuwa na sanamu yake moja, ya bluu na nyeupe, pua imemeguka kidogo, na tulianza nayo mapema, wakati wa joto, ili ifike nyumba nyingi kabla ya mvua kuanza. Ilikaa kila nyumba kuanzia Alhamisi hadi Alhamisi, ikisindikizwa kwa nyimbo kutoka ilikolala hadi itakakolala. Na nyumba inayoipokea ilitandika vitenge, kuanzia barabarani mpaka mlangoni, ili miguu ya wanaomleta isikanyage vumbi tupu. Hakuna mwanamke mmoja mwenye vitenge vya kutosha njia nzima, kwa hiyo unaazima kwa majirani, nao wanakuazima kwa furaha, kwa sababu kitenge kilichokanyagwa na msafara wa Bikira hakifuliwi. Kinakung'utwa tu, kinatunzwa kabatini na vumbi lake, na mtoto atakayezaliwa katika nyumba ile anabebwa nacho siku ya kwanza. Najua padre angesema nini kuhusu hilo. Hatukumuuliza.

Zamu yetu ilipokaribia, mama alibadilika. Alikuwa anaamka anaongea peke yake. Alichota udongo mweupe, na Mzee Rajabu, ambaye angeweza kusema hayo si yake, akavua shati akapaka ukuta wa mbele wote, mpaka kope zake zikawa nyeupe. Nilikuwa namchanganyia udongo kwenye ndoo, na nakumbuka mazungumzo yao mpaka leo, yeye yuko juu ya kiti kimoja kati ya vile vitatu na mama amekishika kisiyumbe.

"Veronika, huyo mgeni wenu anakaa kwa muda gani?"

"Wiki."

"Na mimi nikae wapi?"

"Kwani ana ugomvi na wewe?"

"Hana. Ila watu wenu watakuja kusali hapa, wanikute nimejinyoosha na msuli? Mimi siku ya kwanza nitalala kwa Juma, kule stesheni. Wakishazoea nitarudi taratibu."

"Wewe ni mwenye nyumba, Mzee Rajabu."

"Mwenye nyumba ndiye anayempisha mgeni," akasema, akaendelea kupaka.

Alhamisi yenyewe alileta samaki, migebuka mikubwa aliyoichagua mwenyewe ziwani, akaoga, akavaa kanzu safi, akachukua mkeka wake na kandambili, akaondoka mchana kweupe ili asikutwe na msafara. Aligeuka njiani akaangalia ukuta wake mweupe, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jikoni walikuwa mama na Mama Domitila, jirani yetu aliyeolewa kutoka Katumba, mtoto wa wale waliokimbia Burundi, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha kijiji. Yeye ndiye aliyetoa vitenge vingi kuliko wote, kabati lake zima, kwa sababu alikuwa na mimba na alitaka vikanyagwe. Walipika wali, migebuka ya nyanya na mawese, na chai ya maziwa kwenye sufuria ambayo kwa kawaida ilikuwa ya misiba. Moshi ulikuwa unawatoa machozi na bado wanaimba. Mimi nilitandika vitenge. Nilivipanga kwa rangi, nikavikandamiza kwa kokoto pembeni upepo usivipeperushe, na vilipofika barabarani nilirudi nyuma kutazama, na kusema kweli sijaona tena nyumba iliyopendeza kama ile. Mama alitoka, akafuta mikono, akatazama. Halafu akaniambia, "Nenda kasimame njia panda uwaonyeshe," kana kwamba kulikuwa na mtu katika jumuiya ile asiyejua kwetu.

Nikasimama njia panda. Nyimbo nilizisikia kabla sijawaona, halafu vumbi, halafu kitambaa cheupe cha Mama Kalisto kikiwa juu ya vichwa vyote, na sanamu mikononi mwake. Nikaanza kuimba nao nikiwa pale pale. Walipofika karibu, Mama Kalisto alitazama vitenge kuanzia barabarani taratibu mpaka mlangoni, akanitazama na mimi hivyo hivyo. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, sauti nzuri kabisa, ya mtu anayekuagiza chumvi: "Skola, mwanangu, mwambie mama leo tunampeleka kwa Mama Domitila. Zamu yenu tutaiangalia." Na akageuka kushoto. Nyuma yake wakageuka wote, watu niliowajua tangu nazaliwa. Baadhi waliniangalia wakaangalia chini. Mzee mmoja alivua kofia yake akaivaa tena. Wimbo haukukatika hata kidogo, na hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi, kwamba waliimba vizuri.

Sikujua niende wapi. Vitenge vilikuwa mbele yangu na sikuweza kuvikanyaga, kwa hiyo nikapita pembeni, kwenye majani, kama mwizi. Kabla sijafika mlangoni Mama Domitila alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, amesikia wimbo unaenda siko. "Yezu wanje, Yesu wangu," akasema, "wanaenda kwangu! Kwangu hata sijafagia!" Akamgeukia mama, akanigeukia mimi, akageukia vitenge vyake vyote vilivyolala kwenye njia yetu, na nikaona hajui akimbie au akae. Mama ndiye aliyemtoa ule mwiko mkononi. "Nenda," akamwambia. "Mgeni asikute mlango umefungwa." Mama Domitila akaondoka anakimbia na tumbo lake, na baadaye alinisimulia kwamba alimpokea Bikira Maria kwenye vumbi tupu, kuku wamelala juu ya meza, na mikono yake inanuka samaki.

Mama alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. Hakulia, na mimi nilitamani alie ili nami nipate nafasi ya kulia. Jua lilikuwa bado halijazama, na kila aliyepita njiani kutoka shambani alituona: nyumba nyeupe, njia ya vitenge, mwanamke aliyevaa vizuri, na hakuna mgeni. Wengine walidhani msafara haujafika, wakatuambia, "Hongereni, leo mnaye!" Mama akawajibu, "Asanteni." Kama kuna shule ya aibu, mimi nilisomea pale, kwenye ile 'asanteni' ya mama yangu. Baadaye aliniambia nivianue, na tulikula chakula cha watu arobaini tukiwa wawili, au tuseme tulikaa mbele yake.

Asubuhi Mzee Rajabu alirudi na mkate wa dukani umefungwa kwenye gazeti. Alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Aliingia polepole, amevua kandambili nje, akauliza kwa kunong'ona, "Mgeni amelalaje?"

"Hakuja," mama akasema.

Alitazama meza, kitambaa cheupe, mshumaa mzima ambao haujawashwa. Akaweka mkate pale.

"Ni kwa ajili yangu."

"Kunywa chai."

"Veronika, ningeweza kuondoka wiki nzima. Ungeniambia tu. Ningeenda ziwani."

"Kunywa chai, Mzee Rajabu."

Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kumwangalia usoni. Nilimwonea aibu kama vile mimi ndiye niliyemfukuza, na nilimwonea hasira pia, na nikajionea aibu kwa ile hasira. Alikuwa bado na udongo mweupe kwenye kucha.

Kuvirudisha vitenge ilikuwa kazi yangu. Mama alinifundisha la kusema: "Mama kasema asante," basi, nisiongeze. Nilivibeba kichwani, nikaenda nyumba moja hadi nyingine. Kila mwanamke alipokea chake, akakikunjua, akakipeleka kwenye mwanga, akapitisha vidole kutoka pindo mpaka pindo, akitafuta vumbi. Walikuwa wanajua, mtaa mzima ulijua. Lakini mkono wa mtu una tabia yake. Wengine walisema pole. Mmoja alisema, "Hakijakanyagwa," kama anaongea na kitenge. Mama Domitila alichukua vyake vyote, akavikumbatia, akaanza kunilia begani, na mimi ndiye nikawa nambembeleza. Kwenye nyumba ya mwisho nilisimama nje ya uzio wa mabua na nikasikia wawili wanaongea ndani.

"Sasa Bikira alale nyumba ya hivyo, chumba cha pili kuna watu hawana ndoa?"

"Padre ndiye aliyekataza?"

"Padre anajua wapi? Ni Mama Kalisto tu. Kasema akiulizwa mbinguni atajibu yeye."

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilikuwa kwa Mama Domitila. Jioni ilipofika mama alichukua mkeka wake. Nilidhani nimeona vibaya. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema kusali. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake, kwamba hana aibu, wamemtia aibu mtaa mzima na bado anawafuata na mkeka. Alisimama akanitazama. "Kwani mimi nilikuwa naenda kwa ajili ya Mama Kalisto?" akasema, na akaenda. Alikaa pale pale karibu na mlango, na niliisikia sauti yake ya pili kutoka nyumbani kwetu, maana haikuwa mbali. Mimi sikwenda. Miezi yote iliyobaki ya mwaka ule sikukanyaga jumuiya. Kila Alhamisi nilikaa sebuleni na Mzee Rajabu, yeye anarekebisha matenga yake ya samaki, mimi nachambua mchele usio na mawe.

Mvua zilipokolea, mume wa Mama Kalisto alifariki. Alipigwa na homa, hakuchukua muda. Mama alisikia kilio akiwa anasonga ugali, akauacha, akachukua kisu chake cha jikoni na sufuria ile kubwa, akaniambia nibebe kuni. Msiba mzima alikuwa jikoni kwa Mama Kalisto, mvua inanyesha juu ya mgongo wake, anapika ugali wa watu waliotupita njia panda. Mimi niliosha sahani zao na kila sahani niliyoosha ilinichoma mkono. Jioni ya kwanza mama alinituma nimshikie taa ya kandili, akaingia na bakuli la uji chumba alichokaa mjane, juu ya godoro, nywele wazi. Sikuwa nimewahi kumwona Mama Kalisto bila kitambaa. Alikuwa mdogo. Mama alichuchumaa mbele yake, akaupuliza ule uji, akachota kijiko, akaupuliza tena. Nitasema ukweli, nilitamani mama autemee mate. Mama Kalisto alifungua mdomo kama mtoto na akala, macho yake yako chini, na hakumtazama mama hata mara moja.

Tulipokuwa tunarudi, tope limefika kwenye vifundo, nilimuuliza, "Amekuomba msamaha?"

"Alikuwa na njaa," mama akasema.

Huo ndio mwaka wangu. Sanamu haikulala kwetu mwaka ule wala uliofuata, na mimi niliolewa, nikaondoka, nikarudi. Miaka baadaye alikuja padre mwingine, kijana, akamwona mama amebaki kwenye benchi, akamuuliza kwa nini, na kabla mwaka haujaisha akawafungisha ndoa mama na Mzee Rajabu kwa ruhusa ya askofu, bila Mzee Rajabu kuacha dini yake. Kumbe jambo hilo liliwezekana siku zote. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haujafungwa, na katika watu wote wa mikeka ile, wenye kujua kila kitu cha kila mtu, hakuna aliyewahi kuuliza. Nasikia Mama Kalisto alipoambiwa aliomba maji. Mzee Rajabu alitangulia, Mungu amrehemu. Mimi nilirudi jumuiya kwa sababu nilitaka wanangu wabatizwe, nikabaki, nikachaguliwa kuongoza, na jambo la kwanza nililolisema siku hiyo ni kwamba katika jumuiya hii hakuna nyumba itakayorukwa. Sio ya mwenye ndoa, sio ya asiye nayo, sio ya anayepika gongo. Nimelisimamia hilo kwa miaka, na nimejisifia sana kwalo, hata mbele ya wageni kutoka parokia zingine. Nilijiona mimi ni mtu wa aina nyingine.

Mama alikufa taratibu, kitandani kwake, katika nyumba ile ile ambayo sasa ina bati na sakafu. Jumuiya zote za mtaa zilikuja. Turubai lilifungwa mpaka barabarani, viti vya plastiki, kipaza sauti. Mama Domitila, kiuno kimepinda lakini kicheko bado kipo, aliongoza jiko. Wakati wa kutoa jeneza ulipofika, vijana sita walikuwa wamelinyanyua sebuleni, mimi niko mbele na msalaba, na mlango wa mbele uko wazi. Ndipo nilipomwona Mama Kalisto. Macho yake yameingia ukungu, anashikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Alikuwa ameinama pale kizingitini, pole pole, anatandika kitenge. Cha kahawia na maua ya njano. Alikinyoosha pindo kwa mikono yake, akasimama pembeni, kiganja kwenye fremu ya mlango, akasubiri.

Nilikuwa na miaka karibu sitini, mwenyekiti, bibi wa watu, na ghafla nilikuwa njia panda na kokoto mkononi. Nikageuka nikawaambia wale vijana, "Tokeni na mlango wa uani." Mmoja akauliza, "Mama, huku mbele si ndiko watu waliko?" Nikamwambia huku kuna viti vingi, mtajikwaa, piteni uani. Nilisema kwa sauti ya chini, sauti nzuri kabisa. Wakageuka. Watu wakafuata, maana mwenyekiti kasema, na wimbo haukukatika. Tulizunguka nyumba na tulipotokeza upande wa barabara nilimwona bado amesimama pale, uso umeelekea ndani ya sebule tupu, anasikiliza wimbo unatokea nyuma yake. Mjukuu alimnong'oneza kitu. Niliporudi kutoka makaburini walikuwa wameshaondoka. Kitenge kilikuwa bado kizingitini, na waombolezaji wote walikuwa wanaingilia uani, hakuna aliyetaka kukikanyaga wala kukiondoa. Nikakiokota. Nikapitisha vidole kutoka pindo mpaka pindo, sijui kwa nini, mkono wenyewe ulifanya.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, nikasimama. Watu walikuwa wameanza kuelekea jumuiya, nikasubiri wapite, nikachukua kitenge nikaenda. Mama Kalisto alikuwa amekaa kibarazani kwake, peke yake, rozari mkononi. Nikapiga hodi.

"Karibu. Nani?"

"Skola, mama."

"Skola wa Veronika. Kaa."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalikwisha. Nikamwekea kitenge magotini nikasema, "Nimekuletea kitenge chako." Akaweka rozari pembeni. Akakikunjua, akakipapasa polepole kutoka pindo mpaka pindo, kwa vidole, kwa sababu macho hayamsaidii tena.

"Hakijakanyagwa," akasema.

"Hakijakanyagwa, mama. Nisamehe."

Kutoka nyumba ya tatu nilisikia jumuiya wanaanza wimbo wa mwanzo, bila sauti ya pili. Mama Kalisto alikikunja kitenge vizuri, akakilaza magotini, akaweka mikono yake juu.

"Wewe huna kosa kwangu. Mimi nilistahili," akasema. "Lakini sikukitandika kwa ajili yako, Skola. Nilimtandikia Veronika. Na Veronika angepita."